Jina la Walker lilikuja Nachingwea na trekta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala mliyoitoa kuhusu Watanzania wenye majina ya Kiingereza. Mwandishi wenu alieleza kwamba kila jina la ukoo la Kiingereza lina ngao yake, yaani nembo ya ukoo, tangu zama za mashujaa wapanda farasi, na kwamba mwenye jina anaweza kuipata ngao hiyo kwenye intaneti akaitundika sebuleni. Jina langu la tatu ni Walker. Nimezaliwa Nachingwea mwaka 1962, nimefundisha historia katika shule za sekondari za Lindi na Mtwara hadi nilipostaafu, na makala hiyo imetuletea mambo nyumbani.

Mtoto wa marehemu kaka yangu anaoa mwezi wa 12 huko Dar es Salaam. Aliisoma makala, akatafuta, akalipa shilingi 180,000 kwa wauzaji wa kwenye intaneti. Akaletewa picha ya ngao yenye simba na karatasi ya maneno matamu kuhusu "ukoo wa kale wa Walker". Ngao hiyo sasa imo kwenye kadi za mchango wa harusi. Yangu ilinifikia kwa simu nikiwa shambani naokota korosho, nikaketi chini ya mkorosho nikaitazama muda mrefu. Nilipompigia alinijibu kwa furaha: "Shangazi, umeiona? Kumbe na sisi tuna asili!"

Hilo "kumbe" ndilo lililonishikisha kalamu.

Nianze na jinsi jina lilivyotufikia. Babu yetu mzaa baba alikuwa Mmwera wa upande wa Ruponda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Misitu ikafyekwa kwa matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Bandari ya Mtwara ikachimbwa, reli ikaletwa hadi hapa. Babu akapata kazi ya utingo kwenye trekta la mzungu mmoja aliyeitwa Walker. Alibeba maji, alipaka grisi minyororo, alikimbia mbele kuangalia visiki. Watu wakamwita "mtu wa Woka". Baadaye wakafupisha, akawa Woka tu.

Mradi ulikufa mwaka 1951, baada ya serikali ya Uingereza kupoteza pauni takribani milioni 36. Wazungu wakaondoka. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Jina likabaki. Baba yangu alipopelekwa shule, mwalimu aliuliza jina la baba wa mtoto, babu akajibu, "Woka." Mwalimu yule alikijua Kiingereza, akaliandika kwa herufi zake kamili: Walker. Kuanzia rejista ile likaingia kwenye cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la nane, barua ya ajira, na mpaka leo liko kwenye kitambulisho changu cha taifa. Babu alikuwa na jina la utotoni na jina alilopewa jandoni (ya jandoni siyasemi, si yangu), lakini majina hayo hayakuandikwa mahali popote. Lililoandikwa ndilo lililoishi.

Sasa nije Uingereza kwenyewe, maana ukijua jina hili lilivyozaliwa huko utaelewa kwa nini ile ngao haiwezi kuwa ya kila mwenye jina.

Walker siku hizi watu hudhani ni mtembeaji. Kitenzi chenyewe, katika Kiingereza cha kale, kilikuwa na maana ya kubingirisha na kusukasuka, na walker alikuwa fundi wa kukanyaga vitambaa vya sufu. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye kitanda cha mfumaji huwa kimeachana nyuzi na kimejaa mafuta ya kondoo. Basi kiliwekwa kwenye birika pamoja na maji, udongo maalumu unaofyonza mafuta, na mkojo uliochacha uliokusanywa nyumba hadi nyumba. Fundi akaingia na miguu mitupu, akakanyaga saa nyingi mpaka nyuzi zikashikana na kitambaa kikawa kizito. Sisi huku tunaokanyaga udongo wa kukandika nyumba tunaijua kazi hiyo kwa magoti yetu. Kisha kitambaa kilitandazwa juu ya fremu zenye kulabu, kikauke kimenyooka.

Kazi hiyo moja ilikuwa na majina matatu, kutegemea eneo. Kaskazini na magharibi mwa Uingereza fundi aliitwa Walker. Kusini-mashariki aliitwa Fuller. Kusini-magharibi, upande wa Devon, aliitwa Tucker. Watu wa koo hizo tatu hawakuhitaji kuwa na damu moja. Walikuwa na kazi moja tu. Wala Walker wa kijiji hiki hakuhitaji kuwa ndugu wa Walker wa kijiji cha tatu, kwa kuwa kila palipokuwa na kondoo na mto palikuwa na mkanyagaji. Kwetu wapo watu wanaoitwa Fundi, wapo wanaoitwa Mganga. Ni nani atakayesema Fundi wote wa Lindi na Fundi wote wa Tanga wametoka tumbo moja? Walker ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana Uingereza kwa sababu hiyo hiyo. Lilianza mara nyingi, mahali pengi, kwa watu wasiojuana.

Na hata miguu yenyewe haikudumu. Katika karne ya 12 vilianza kuenea vinu vya maji vyenye nyundo za mbao zilizopiga kitambaa badala ya mtu kukikanyaga. Hesabu za mashamba ya Templar, chama cha watawa wapiganaji wa Kikristo, za mwaka 1185 zinavitaja tayari. Kwa hiyo wengi walioitwa Walker miaka 200 baadaye hawakuwa wakikanyaga kitu. Walisimamia kinu, au walikuwa watoto wa aliyesimamia kinu.

Kabla ya mwaka 1066, Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa walipoiteka Uingereza, mtu wa kawaida huko alikuwa na jina moja. Wakubwa waliokuja na mfalme mpya ndio waliotangulia kujiita kwa mashamba yao. Percy, kwa mfano, ni jina la kijiji cha Normandy. Wakulima waliendelea kuitana kwa jina moja na kidokezo: John wa kisimani, John mwekundu, John mtoto wa William, John mhunzi. Kidokezo hicho hakikurithiwa. Mtu mmoja aliweza kuwa na viwili au vitatu kwa mara moja, na mwanawe akawa na kingine kabisa, kama babu yangu alivyokuwa na jina la nyumbani, la jandoni na la kazini. Kufikia takribani mwaka 1400 familia nyingi zilikuwa zimeshika jina moja la kurithisha, ingawa kaskazini walichelewa zaidi.

Kilichosaidia kuyagandisha majina ni maandishi ya mashamba na ya kodi. Mkulima wa bwana mkubwa alipokufa, mahakama ya shamba iliandika nani amekufa, nani anarithi kipande, na kwamba mnyama wake aliye bora amechukuliwa na bwana. Tauni ya mwaka 1348 na 1349 ilipopita, vitabu hivyo vilijaa vifo ukurasa kwa ukurasa. Halafu ikaja kodi ya kichwa. Wasomaji wenzangu wa umri wangu neno hilo hawahitaji kuelezwa, tuliwaona baba zetu wakijificha porini. Waingereza nao walitozwa: mwaka 1377 peni 4 kwa kila mtu mwenye zaidi ya miaka 14, wakatozwa tena 1379, kisha mwaka 1381 peni 12. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowafanya wakulima waandamane hadi London wakiongozwa na Wat Tyler, ambaye jina lake ni la kazi pia, fundi wa vigae.

Zile orodha za kodi za 1379 za Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ndizo zilizonishika moyo. Mwandishi wa kodi aliandika jina la mtu na mara nyingi kazi yake. Alipofika kwa watumishi, watu wasio na shamba wala ufundi, aliwaandika kwa jina la anayewatumikisha. Huko Yorkshire yakatoka majina yanayoishia na "man", yaani mtu wa fulani. Matthewman ni mtu wa Matthew. Addyman ni mtu wa Addy. Harriman ni mtu wa Harry. Priestman ni mtu wa padri. Wajukuu wa watumishi wale wanayabeba majina hayo mpaka leo, na si aibu kwao.

Mhariri, niliposoma hilo niliweka kitabu chini nikamwona babu amesimama na debe la maji kando ya trekta. Mtu wa Woka! Hakuna tofauti. Yale yaliyomfika mtumishi wa Yorkshire mwaka 1379 yalimfika Mmwera wa Ruponda karibu miaka 570 baadaye, kwa njia ile ile: alitumika, akaitwa kwa jina la aliyemtumikisha, na mwenye kalamu akaandika alichosikia. Ikiwa mpwa wenu, maana sasa amekuwa wa gazeti zima, anataka asili ya jina lake katika zama za kati za Uingereza, asili hiyo ndiyo hii, na ni ya kweli zaidi kuliko simba wa kwenye kadi.

Kuhusu ngao, mwandishi wenu amekosea na naomba isahihishwe. Katika Uingereza ngao hupewa mtu, siyo jina. Hutolewa na Chuo cha Ngao cha London, kilichopata hati yake mwaka 1484 kutoka kwa mfalme Richard wa Tatu, na hurithiwa na wazawa wa mtu huyo kwa upande wa baba. Kati ya mwaka 1530 na 1688 maofisa wa chuo hicho walizunguka mikoani kukagua nani anatumia ngao kihalali. Asiyeweza kuthibitisha nasaba aliambiwa aiache. Kwa hiyo wapo watu walioitwa Walker waliopewa ngao, tena ngao tofauti tofauti, na wapo Walker chungu nzima ambao hawakuwahi kuwa nayo. Mwingereza mwenyewe anayeitwa Walker akinunua ile picha ya kwenye intaneti atakuwa amenunua ngao ya mtu mwingine.

Mwenye jina la Kiingereza anayetaka kweli kufuata nasaba huko Uingereza hufanya kazi ya miaka. Huanza na wazee walio hai, kisha vyeti vya serikali vilivyoanza Julai 1837, sensa zenye majina ya watu za tangu 1841, halafu vitabu vya parokia. Vitabu hivyo vya ubatizo, ndoa na mazishi viliamriwa mwaka 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane. Nyuma ya hapo mtu maskini hupotea, isipokuwa babu yake awe amerithi shamba, amekosana na jirani mahakamani, au amelipa kodi. Familia nyingi za Uingereza hazivuki 1538. Karatasi inayokurusha kutoka leo hadi kwa shujaa wa mwaka elfu moja na ushei, bila kutaja parokia hata moja, haijafuata mtu yeyote.

Siku hizi wapo pia wanaopima vinasaba. Jina la ukoo hupita kwa baba, na kromosomu Y, kipande cha vinasaba cha wanaume, hupita vile vile, hivyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester walilinganisha wanaume wenye jina moja. Kwa majina adimu walikuta wengi wanashiriki babu mmoja. Kwa majina yaliyotapakaa kama Smith hawakukuta hivyo, na Walker ni wa kundi hilo.

Chuo hicho hicho ndicho kilichomtambua Richard wa Tatu, yule yule aliyewapa hati watu wa ngao. Aliuawa vitani mwaka 1485, na mwaka 2012 mifupa yake ikachimbuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Walilinganisha vinasaba vinavyopita kwa baba na vya wanaume watano ambao kwa maandishi ni wa ukoo wake. Havikulingana, mahali fulani katika karne zile baba aliyeandikwa hakuwa baba aliyezaa. Wakalinganisha vinavyopita kwa mama. Walimpata fundi samani mmoja wa London, mzaliwa wa Kanada, ambaye nasaba yake inapanda kutoka mama hadi mama mpaka kwa dada yake mfalme. Vikalingana. Mfalme mwenye taji na ngao, mwenye vitabu vyote vya nasaba ya kiume, ametambuliwa kwa dada yake.

Nilipowasimulia majirani zangu hapa, bibi mmoja aliniambia, "Sasa hilo nalo walihitaji mashine?" Kwetu Wamwera, ndugu zetu Wamakua, Wamakonde na Wayao, ukoo hufuata mama. Baba anajulikana na anaheshimiwa, lakini wewe ni wa tumbo ulilotoka, na mwenye neno la mwisho juu yako ni mjomba. Shule, kanisa na fomu za serikali zimetuandika kwa baba, jina la tatu kwenye cheti. Nimejaza fomu hizo maisha yangu yote na sijawahi kuona mstari wa kuandika jina la mama yake mama. Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu anapotafuta asili kwa kufuata Walker, anafuata mstari ambao hata kabla ya mzungu haukuwa njia yetu ya kuhesabu. Waingereza wenyewe, nikumbushe, walikuwa na majina ya kina mama: Megson ni mtoto wa Meg, kifupi cha Margaret, na Tillotson ni mtoto wa Tillot, yaani Matilda. Nadhani nyuma ya majina hayo walikuwapo wajane wenye nguvu.

Nimezungumza na kijana wetu. Sikumgombeza, pesa ilishatoka na nia yake ilikuwa njema. Nimemwomba juu ya kadi zilizobaki aitoe ngao, na badala yake aandike majina ya mama yake, bibi yake mzaa mama na mama wa bibi huyo, ambao wote watatu ninawajua kwa sura. Amesema atafikiri na mchumba wake. Pia nimempa jina la utotoni la babu, lililokuwa halijaandikwa popote, nikalitamka herufi kwa herufi kwenye simu mpaka akalipata sawasawa.

Na kwa kuwa nimeshapata nafasi, Mhariri, naomba niitumie kwa ombi langu mwenyewe. Mstari wangu mimi unapanda hivi: mama, bibi, na mama wa bibi. Huyo wa tatu hakuzaliwa Nachingwea. Alikuja akiwa binti mdogo kutoka upande wa Liwale baada ya Vita vya Maji Maji, wakati wa njaa kubwa iliyofuata, akitembea kwa miguu na mdogo wake wa kiume mgongoni. Walipofika Kilimarondo mtoto akawa hajiwezi. Akamwacha kwa watu waliokuwa na mihogo, akaahidi kurudi, akaendelea hadi Mnero ambako aliolewa na kuzaa. Aliporudi baada ya mavuno mawili hakuikuta nyumba ile. Watu walikuwa wamehama. Bibi yangu alikua bila mjomba. Kila penye shughuli, kiti cha mjomba kilikaliwa na mtu wa kuazima, na jambo hilo lilimuuma mpaka anakufa mwaka 1983.

Mtoto yule alikuwa na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kifundo. Aliitwa kwa jina ambalo sitaliandika hapa, ili atakayejitokeza alitaje mwenyewe. Ikiwa kwenu Kilimarondo, Liwale au popote walikohamia watu wale kuna jamaa walioambiwa kwamba mzee wao aliachwa na dada yake wakati wa njaa, niandikieni kupitia gazeti hili. Harusi ni tarehe 20 Desemba, na kiti kipo.

Mwalimu mstaafu Walker,
Nachingwea, Lindi